Muuguzi Aliyefunua Sahani za Mtani Wake

Wewe muuguzi wa huku migodini, hicho kichwa ulipewa cha kufikiria au cha kuvalia kofia tu? Umemfundisha mgonjwa kukuita mke, umeivaa bangili yake, halafu umejificha wodi nyingine kama mwizi wa kuku. Ngoja wasomaji waione barua yako kwanza, halafu nitakuja kwako.

*Mpendwa Bibi Kasuba, nakuomba unisaidie, nimekwama na kazini sina wa kumwambia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume wagonjwa wa akili, ni Mngoni wa Chipata, sijaolewa, na mvua zilipoanza aliletwa kijana mmoja fundi wa kuchomelea, Mbemba wa Kasama, nitamwita Nkandu ingawa silo jina lake, alikuwa anasikia sauti zikimwambia chakula kimetiwa sumu, basi akawa hali, hasemi na mtu, kutwa kageukia ukuta, daktari kajaribu, mama yake kalia, wapi. Siku moja nikampelekea nshima, ugali wetu, akaisukuma, nami bila kufikiria nikamwambia, "Wabemba nyie, msipopewa nyani mnanuna," na Bibi unajua sisi Wangoni na nyie Wabemba ni watani, nilisema kama ninavyowasema majirani zangu, lakini yule kijana akageuka, akanitazama, akasema, "Nyani ana nyama. Panya wako ana mkia tu." Wodi nzima ilicheka, na siku hiyo alikula.*

*Tangu hapo ikawa ndiyo njia yetu, akaanza kumeza dawa, kuoga, akanieleza hata zile sauti zinasema nini, jambo ambalo daktari hakuwahi kulisikia kwake, na ni kweli akaanza kuniita mke wangu kama watani wanavyoitana, nami nikawa namjibu, "Haya mume wangu, meza vidonge," ikafika mahali hamezi mpaka niseme hivyo, na wenzangu wakawa wananiita mimi kila akigoma, na sitakuficha Bibi, nilikuwa nafurahi kuitwa. Halafu siku ya wageni mama yake akaja na sahani mbili, moja imefunika nyingine, zimefungwa kitambaa, akasema zimetoka kwa mwanawe, nikajua ni utani mwingine, nikafunua mbele za watu, nikakuta bangili ya shaba, nikaivaa, nikasema, "Mume wangu bahili, bangili moja tu?" Watu wakacheka hadi walinzi, mama mtu akapiga vigelegele, lakini Nkandu hakucheka, alikuwa amesimama na shati lililopigwa pasi, mikono kaifumbata kwa adabu, ndipo nikajua yeye hatanii.*

*Niliomba kuhamishiwa wodi ya wanawake, sikumuaga, sikumwambia mtu sababu, na bangili bado iko mkobani. Sasa amerudi kule kule ukutani, anatema dawa, hali, na alikuwa karibu kuruhusiwa. Mama yake anakaa kwenye benchi nje ya wodi yangu akiuliza mkwe wake yuko wapi. Muuguzi Mkuu wetu, Sista Chileshe, akiniuliza kilichotokea nasema sijui. Mwenzangu mmoja ananiambia nirudi niendelee kuwa mke mpaka mgonjwa atoke, eti akifika Kasama atasahau. Naogopa kufukuzwa kazi, na zaidi naogopa atakufa njaa kwa ajili yangu. Nifanye nini? — Muuguzi T.*

T., mimi ni Mbemba na wewe Mngoni, kwa haki yangu ningekuita mla panya tukacheka tukamaliza. Leo sikutanii.

Nianze na lako zuri, nisije nikaitwa mchawi. Kumtania siku ile hukukosea. Kijana alikuwa amejifungia, wewe ukabisha mlango ambao Mbemba yeyote angeitikia, na akaitikia. Hapo nakupa mkono.

Lakini utani ni wa watu wawili ambao jioni kila mmoja anakwenda kwake. Siku ya msiba wa mume wangu, Mngoni mmoja alijilaza kwenye kitanda cha marehemu, akasema yeye ndiye mrithi na anataka chai. Nilimtoa kwa mwiko, akaenda zake anacheka. Huyo Nkandu angeenda wapi? Funguo unazo wewe, kiunoni. Nshima unaleta wewe, dawa unagawa wewe. Amelazwa kwa sababu kichwa kinamchanganyia kinachosemwa na kisichosemwa, na wewe kila asubuhi ukamwongezea sauti nyingine inayomwita mume.

Na zile sahani. Mimi ni kungwi, wasichana niliowafunda wamejaa mji huu, na hata aliyelala nikimsimulia anajua kwamba sahani iliyofunikwa msichana haifunui. Inapelekwa kwa wazee wake. Ukifunua umekubali posa, na wewe ukavaa na bangili kabisa. Yule mama wa kwenye benchi hana kichaa wala ujinga, anamuulizia mchumba wa mwanawe.

Kilichonikasirisha zaidi ni kukimbia kwako. Mtu aliyekuwa anaogopa hata sahani ya chakula alikuamini, ukatoweka bila neno. Sasa zile sauti zimepata ushahidi. Na huyo mwenzako mwambie Bibi Kasuba kasema afunge mdomo. Nkandu akienda Kasama na mke wa uongo, siku atakayojua ndiyo siku atakayotupa vidonge vyote chooni, na huko nyumbani hakuna muuguzi.

Halafu usijipambe. Hakuinuka pale ukutani kwa uzuri wako. Aliinuka kwa dawa, na kwa kuwa kuna mtu alimsemesha kama mtu. Ulifurahi kuitwa, sawa, hata mimi ningefurahi. Ila furaha hiyo ulipoiona tu ungempelekea Sista Chileshe akushike mkono kabla hujafika kwenye bangili. Ndiyo kazi ya mkubwa.

Mimi niliishia darasa la tatu, dawa zenu sizijui, na mgonjwa asiyekula ni wa daktari na Sista, si wa gazeti. Kwa hiyo waambie yote, la mke, la bangili, na la kufurahi. Watakugombeza. Gombezwa. Kama kuna adhabu ichukue, utaishi, na yeye ataishi.

Bangili irudishwe ndani ya sahani zile zile, zifunikwe, zifungwe kwa kitambaa kile kile, na Sista akiwa mzee wako ampe mama mkononi, kwa heshima, wewe ukiwa umepiga magoti pembeni umenyamaza. Kisha wewe na Sista muende kwa kijana. Usimzungushe. Mwambie, "Nkandu, mimi ni muuguzi wako. Si mke wako na sitakuwa. Nilikosea kukubali jina hilo, na nilikosea kuondoka bila kukuaga. Wewe hukukosea."

Akilia, kaa. Akitukana, kaa. Akigeukia ukuta, kaa kidogo hivyo hivyo, na usithubutu kumtania ili acheke uondoke umefarijika. Mwonyeshe muuguzi atakayempa dawa kuanzia sasa, awe amesimama hapo hapo amwone. Mwambie utapita kumjulia hali siku gani mpaka atakaporuhusiwa, na ukisema Alhamisi, iwe Alhamisi. Siku ya kutoka muage, mbele za watu, kwa jina lake.

Usiniandikie barua nyingine kuniuliza kama ni lazima. Weka gazeti chini, nenda mlangoni kwa Sista Chileshe, bisha hodi, na ukikaribishwa usikae mpaka umemaliza kusema.