Ini la Ishaq

Jumatatu, 3 Novemba

Kamati ya hospitali leo. Wapasuaji wageni waja wiki ijayo, nao watabadilisha ini la mgonjwa mmoja tu. Sisi tunao wawili. Kitsao, fundi wa mashine za boti kule Liwatoni, dada yake Kache yu tayari kumkatia kipande cha ini lake. Na Maalim Abdulghafur, jirani yetu Kibokoni, wa kumpa ni mwanawe Ishaq.

Wamemchagua Maalim. Daktari Morgan, mwenyekiti, akiri kuwa Kitsao hali yake ni mbaya zaidi. Lakini kijijini kwao mbali, asema, nani atamleta kliniki? Kwa Maalim ni karibu, kuna maji, kuna watu. Haya! Umaskini nao siku hizi ni ugonjwa wa ini.

Nikauliza kama Ishaq ameridhika. Ameridhika sana, nikaambiwa. Morgan mwenyewe alikwenda nyumbani kwao akamwuliza, mbele ya babake na ami zake.

Mbele ya babake! Sasa alitaka ajibiwe nini? Kijana wa Kibokoni akiulizwa mbele ya wazee husema naam, hata ukimwuliza kama atakula mawe. Kuongea na watoaji ni kazi yangu mimi, afisa wa ustawi. Siku hiyo sikuitwa.

Jumanne, 4 Novemba

Kache amekuja ofisini na viazi karai vya moto, auza Mwembe Tayari. Hajaambiwa bado kuwa nduguye hakuchaguliwa. Auliza, akishapasuliwa ataweza kuinua karai? Nikasema baada ya miezi kadhaa. Akacheka, basi Kitsao atamwinulia. Nikala viazi vyake mpaka cha mwisho. Aibu tupu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwita Ishaq peke yake. Kwanza salamu — za mama, za baba, za nyumba nzima, alhamdulillahi. Kisha nikafunga mlango nikamwuliza.

Akalia. Mwanamume na ndevu zake, alia kama aliyefiwa. Aogopa kisu. Mkewe, Mwanatumu, ana mimba ya kwanza. Na babake amemwambia waziwazi: akikataa, radhi hapati, duniani wala akhera.

"Dada Nabiha, sema ini langu halifai. Usiseme nimekataa."

Radhi! Mzazi wa kumtishia mwanawe kwa radhi! Na huyu ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni, juzuu ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilimpenda. Leo hata sauti yake sitaki kuisikia.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeiambia kamati mtoaji wa Maalim hafai. Sababu ni siri ya mtoaji, basi. Morgan akaninunia. Purity, muuguzi mkuu, akasimama nami. Nafasi kapewa Kitsao!

Kache alinikumbatia pale pale ukumbini, kanipaka mafuta ya karai buibui zima. Sikujali.

Jioni mama kaniuliza mbona mke wa Maalim hakuitikia salamu yake. Nikasema sijui.

Jumatatu, 10 Novemba

Yameharibika. Maalim kampeleka mwanawe akapimwe upya kwa daktari mwingine. Ini zima, lafaa. Asubuhi hii wamekuja na majibu, Maalim kwenye kiti cha magurudumu, tumbo limejaa maji, ami wawili nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikaona alivyomshika Ishaq mkono, hamwachii. Aogopa kufa, maskini, kama mtu yeyote. Hilo nalo lanikera.

Morgan hakunikaripia. Kasema niketi na Ishaq faragha, nimwulize tena, na jibu nitakaloliandika ndilo litakaloamua. Wapasuaji wameshafika. Purity kaninong'oneza kuwa Kitsao akikosa safari hii, basi tena. Kache yuko wodini, hajala tangu jana kama alivyoagizwa, kashavaa gauni la upasuaji.

Nimemwuliza Ishaq. Ameridhika, asema. Nikamwambia nitazame usoni useme tena. Hakunitazama.

"Andika ndiyo, dada. Yule ni babangu."

"Na ulichoniambia Jumatano?"

"Jumatano sikuja hapa."

Nimempa maji. Nimemwambia angoje, bado naandika. Kweli naandika, ila ni humu. Karatasi ya Morgan iko pembeni, nyeupe. Mlango umefungwa, lakini Maalim yuko nje, akohoa. Na kila akikohoa, Ishaq asimama.