Binti Yangu Amesukwa kwa Jero

Jumapili, tumetoka ibada. Asubuhi ilikuwa baridi ile ya kuvaa sweta mbili na bado unashika kikombe kwa mikono yote. Sasa jua limetoka na mtaa wetu mzima wa Munyaka umeanika nguo, ni kama tuliitana. Mimi niko sawa. Hata nimefurahi, ingawa kufika hapa nimezunguka.

Wanaonisoma wanajua kazi yangu ni saluni. Sikuisomea. Nilijifunzia kwa vichwa vya binamu zangu, ambao hawakuwa na pa kukimbilia, na leo nina viti vitatu, kioo kirefu na wateja wanaongoja wamesimama. Sijisifu. Nasema tu ilivyo.

Sasa, Ijumaa jioni nilifunga, nikaingia nyumbani, nikamkuta Nekesa mezani akifanya homework. Nekesa ni mtoto wangu, yuko Gredi ya Tisa. Na kichwani ana matuta mapya, membamba, yanang'aa mafuta.

Si mimi niliyemsuka.

Kazi ile niliitambua kabla sijaweka mkoba chini. Ni ya Jero. Saluni yake iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na yangu, na kabla ya hapo alikaa kwangu miaka miwili nikimfunza. Alipoondoka, aliondoka na wateja kadhaa na ile namna yangu ya kuanzia tuta nyuma ya sikio. Kwa hivyo, kusema kweli, Nekesa alikuwa amesukwa mtindo wangu. Mikono tu ndiyo ilikuwa ya mwingine.

"Nani amekusuka?" nikauliza, kama sijui.

"Jero. Nilikuambia tangu Jumatatu, Mum. Ukasema ningoje umalize mteja."

Ni kweli nilisema. Na yule mteja nilimmaliza. Shida ni kwamba nyuma yake kulikuwa na mwingine, na nyuma ya huyo mwingine tena.

Hayo ningeyameza. Mganga hajigangi, wahenga walishanitetea. Kilichoniingia ni cha jana. Mteja mmoja, akiwa chini ya draya ya kukaushia nywele, akapaza sauti vile watu wa chini ya draya hupaza: "Mama Nekesa, kumbe msichana wako ni muongeaji hivi! Ijumaa nilimpata kwa Jero, maneno yanatoka kama maji ya bomba!"

Muongeaji? Nekesa? Nyumbani mtoto huyo ana maneno matatu: poa, sawa na bado.

Wenye hawajawahi kukaa kwa kiti changu pengine hawataelewa. Mtu akishikwa kichwa, husema. Anatazama ukuta, uso wako hauoni, mikono yako imezama kwa nywele zake, na ndani kitu kinalegea. Mimi najua nani hapa Munyaka anataka kuacha kozi, na nani amekubali pete lakini hampendi aliyeitoa. Mama zao hawajui. Huwa nawahurumia hao mama, kimyakimya, nikijiona mjanja.

Jana nikawa mmoja wao.

Nikavuka barabara. Nilijipa sababu: naenda kuomba sindano ya kushonea weave, zile nywele za bandia.

"Haiya, Mama Nekesa!" Jero akasema, bila kuachilia kichwa alichokuwa nacho. "Kwani kwako sindano zimeenda likizo?"

"Zimejificha. Na asante kwa kumsuka mtoto."

"Karibu. Ana nywele nzuri huyo. Sijui alizitoa wapi."

Wateja wake wakacheka. Nikacheka pia, kwa sababu nina adabu.

"Nasikia aliongea sana," nikasema.

"Aliongea."

"Akasema nini?"

"Kitu."

"Kitu gani, Jero?"

Akainua chanuo kama askari anayesimamisha gari. "Ya kwa kiti hayavuki mlango. Nani alinifundisha hiyo?"

"Mimi ni mamake."

"Na mimi ni msusi, mwalimu wangu. Muulize mwenyewe."

Nilirudi na sindano nisiyoihitaji, na heshima kidogo kwa yule msichana. Kidogo tu.

Tuje leo. Baba Nekesa yuko Soy, kwenye ghala la mahindi anakofanya kazi, na huja mwisho wa mwezi. Tuko wawili. Kumsuka Nekesa haiwezekani, matuta bado mapya. Na nikimkalisha kwa sofa nimhoji, nitaambiwa poa. Nikafikiri kama mtu wa biashara. Nikatoa kigoda nje kwenye jua, nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikamwambia anisuke.

"Mimi?"

"Wewe. Matuta sita, makubwa. Hata ukikosea."

Akaingiza vidole, akazichambua. "Mum, hizi nywele zilisukwa lini?"

Swali lingine, tafadhali.

Mpango wangu ulikuwa yeye aongee. Lakini kiti hakimjui mwenye saluni. Kichwa kilikuwa changu, mikono yake. Nikawa natazama ukuta wa jirani, na kabla ya tuta la pili kuisha, anayesema ni mimi. Nikasema miguu inaniuma. Nikasema hufurahi wateja wakijaa, halafu nikirudi nikimpata amelala nakasirika, na sijui namkasirikia nani. Nikasema yote haya ni kwa ajili ya ile shule nzuri ya bweni ya mwaka ujao, ambayo nimeitangazia kanisa zima.

Mikono ikasimama.

"Sitaki boarding, Mum."

Nikataka kugeuka. Akanirudisha kichwa. "Tulia," akasema, vile vile mimi huwaambia wateja. "Saa hii tunaishi pamoja na sikuoni. Nikienda huko je? Mimi nataka day. Nikuwe narudi nyumbani."

Kumbe kitu ndicho hicho.

Nikamwacha asuke mpaka tuta la mwisho. Majibu nilikuwa nayo, na mengine yalikuwa makali. Lakini nilikuwa nafikiria jambo moja: mtoto wa kutwa anataka mtu wa kumrudia. Na wateja wangu wazuri ni wa jioni, wakitoka kazini. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nimejaribu kushika hadi ya tatu kwa meno.

"Sawa," nikasema. "Day. Babako nitamwambia mimi. Kanisa pia."

"Poa," akasema. Poa ile ile ya kila siku, lakini hii ilikuwa na tabasamu ndani. Uso sikuuona. Nilisikia tu.

Nimejitazama kwenye kioo. Matuta manne yameelekea Kitale, mawili yameelekea Nakuru, na yote yanavuta. Siyafumui.

Kuanzia kesho saluni inafungwa saa kumi na moja jioni. Wateja wa jioni watanung'unika, halafu watavuka barabara. Wavuke. Yule nilimfunza mimi, watasukwa vizuri.