Mukono wa Jairos

Jumanne, 14 Agosti 1956
Ni mimi! Komiti imenichagua mimi kuwa arbitre, mwamuzi wa mechi ya Jumamosi. Sisi Nchelenge, mabingwa wa ligi ya pwani yote mpaka Mununga. Na Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, waliobeba kombe kule Kongo. Mechi moja tu, ijulikane nani mukubwa wa ziwa hili.

Mwalimu wa misheni aliwaambia: Rodwell amekulia Kilwa, ameoa Nchelenge, atasikia matusi ya pande zote mbili. Watu wakacheka.

Bibi niliyeoa hapa, Ennie, ananishonea kaptula nyeusi. Kaka yake Jairos ndiye kapiteni wetu. Amekuja kula bukari na samaki kwetu. Ameniambia, mulamu, shemeji yangu, usinipendelee. Nimesema sitakupendelea. Tumecheka wote watatu.

Ijumaa, 17 Agosti
Kilwa wamefika. Mashua tatu – tulisikia nyimbo zao kabla ya kuwaona. Wanawake walikimbilia ufukweni, unga bado mikononi. Kapiteni wao ni Kapembwa, murefu, mupole, tulisoma darasa moja. Alinikumbatia mbele ya wote. Nikaona watu wetu wanavyotazama.

Chisenga wamehama kisiwa kizima kuja kutazama mechi. Nyavu wamemwachia nani?

Jumamosi, 18 Agosti
Nianzie wapi. Vumbi, ngoma, watu mpaka majini, wamesimama ndani ya mitumbwi ili waone. Kapembwa alifunga kwa kichwa dakika ya tisa. Wetu wakasawazisha kabla ya mapumuziko. Kipindi cha pili Jairos mwenyewe – shuti kutoka mbali, ule wavu wa samaki tuliofunga golini ukang'oka! Mbili kwa moja. Nilitaka kuruka. Arbitre haruki.

Zimebaki dakika tatu. Kona ya Kilwa. Kipa wetu ameanguka, mupira unaingia – na mukono wa Jairos ukautoa. Haraka, kama mutu anayefukuza nzi. Kwa vumbi lile wengi hawakuona. Mimi nilikuwa hatua nne tu.

Nikapuliza. Penalti.

Halafu Jairos akanijia, pua kwa pua.

"Rodwell, umeona vibaya. Ni kifua."

"Ni mukono," nikasema.

Basi Olipa, yule muuza samaki wetu, akaingia uwanjani, akaketi katikati ya goli na kunyoosha miguu. Akasema, anayetaka kupiga apige. Wanawake kama ishirini wakaketi pamoja naye. Kapembwa aliuweka mupira, akautazama, akauokota tena.

"Rodwell, siwezi kupigia bamama mupira," akaniambia taratibu.

Hawakuinuka. Jua likazama. Komiti imeamua: penalti ipigwe kesho baada ya ibada, kisha dakika zile tatu, kisha wageni wavuke.

Nilirudi nyumbani peke yangu. Watu walinipisha njiani kama mugonjwa. Ennie aliweka chakula, akakaa. Akauliza kama niliona kweli. Nikasema niliona. Akasema, basi kula.

Jumapili, 19 Agosti
Kanisani mimi na Ennie tulikaa wawili tu kwenye benchi la watu sita. Mahubiri yalihusu nini, sijui.

Sasa ni saa tano. Ngoma zimeanza uwanjani. Nimevaa kaptula. Kumbe anayebisha hodi ni Jairos. Hakutaka kiti.

"Mulamu, jana uliona vizuri."

"Waambie wao."

"Nikiwaambia hawatanisamehe."

"Mimi wamenisamehe?"

Halafu amesema twende wote, nitangulie mimi, yeye atajua la kusema akifika. Nimekataa. Nimemwambia atangulie yeye. Ndiyo maana nimekaa hapa naandika, nisije nikalegea. Bado amesimama, namusikia anavyopumua.

Ennie ametoka jikoni. Amefungua mulango mpaka mwisho. Anamwambia kaka yake kwa Kibemba: wanawake wameshaketi golini tena, nenda ukawaambie, uanze na Olipa.

Jairos ametoa muguu mumoja nje.