Skrubu Iliyokwenda Kwao

Kogo,

Jana nilitembea bila fimbo mpaka chini kabisa ya shamba letu hapa Boito, pale panapoteleza. Nikasimama mahali nilipoanguka mwaka juzi na kikapu mgongoni, nikakukumbuka hadi ikabidi niketi. Ungenicheka sana. Mjukuu wa bibi anayeunga mifupa, amevunja kifundo cha mguu wake mwenyewe akikimbilia lori la chai!

Ungenishika mguu, ukafumba macho, ukautafuta mfupa kwa vidole viwili huku ukiniuliza habari za ng'ombe ili nisahau maumivu. Watu walitoka mbali, hata Chebunyo, kuja kukalia kile kiti chako kifupi. Mimi nilichonga vijiti vya mwanzi na kuloweka kamba. Hukuhesabu wiki wewe. Uliwaambia warudi baada ya raundi nne za kuchuna chai, kwa kuwa kila mtu hapa anajua majani yaliyochunwa leo yatakuwa tayari tena lini. Kiangazi kikikausha chai, mgonjwa alikaa na vijiti vyake zaidi, na hukutaka mabishano. Raundi ya nne ikifika ulivifungua na kuvitupa motoni mbele yake.

"Hii mti ni mgeni tu, Chebet," uliniambia. "Ikimaliza kazi, iende kwao."

Ndiyo maana lile bamba la chuma lilikusumbua hivyo. Ulipoteleza zizini mkono ukavunjika vibaya, mimi ndiye niliyekupeleka hospitali wakalifunga mfupani kwa skrubu, na hilo silijutii. Mfupa uliunga. Lakini skrubu moja ilisukuma ngozi, na asubuhi za baridi vidole vyako viliingia ganzi. Vidole vile, Kogo. Daktari akasema bamba litolewe. Nikakuahidi tutaenda raundi hii ikiisha. Mvua ikanyesha, majani yakawa mengi, nikasema raundi ijayo. Halafu ijayo tena. Hukunilaumu hata siku moja. Uliacha kupokea wagonjwa, ukawa unaketi mlangoni mkono umeufunika kwa leso, na nikikuuliza hali unasema mgeni bado yuko. Kisha nimonia ikakuchukua. Tulikuzika nalo lile bamba. Nisamehe.

Basi nilipovunjika mimi, nilimwambia daktari sitaki chuma. Akatoa skrubu ndogo, fupi kuliko kijiti cha kiberiti, akasema ni ya magnesiamu.

"Hii haitolewi," akasema. "Mfupa ukishajishika, inaisha yenyewe."

Nikamuuliza inaenda wapi. Akasema mwili unaimaliza polepole, kwa sababu ni madini yaleyale tunayokula kwenye mboga. Nikaanza kulia. Akadhani naogopa kisu, maskini, akanipigapiga bega. Angejuaje kwamba alikuwa ananiambia maneno yako?

Nilikuwa mgonjwa msumbufu, sikufichi. Picha ya kwanza ya eksirei ilionyesha kivuli cheusi kando ya skrubu, nikalia kwamba mfupa unaoza. Kumbe ni hewa tu inayotoka skrubu ikiyeyuka. Nami nilihesabu raundi zangu: nne zikapita, kumi zikapita, na bado ilikuwemo. Raundi zako na zangu hazilingani, Kogo, skrubu hii huenda taratibu mno. Lakini kwenye picha ya wiki iliyopita imebaki alama hafifu tu, na mfupa umejaa pale ilipokuwa. Niliibeba ile picha hadi nyumbani, nikajikuta naelekea mlango wako.

Inaniuma kwamba hukuigusa ile skrubu. Ungeigeuzageuza kiganjani, ungeniuliza ni nani huko hospitalini aliyekusikia ukisema mgeni aende kwao.

Jirani yetu, Mama Joan, bado ana bamba pajani. Alishaambiwa likatolewe, ila kila mara kuna majani ya kuchuna na hana wa kumsindikiza. Nimemwambia tunaenda Jumatatu. Akanikumbusha Jumatatu ni siku ya raundi, kwangu na kwake. Najua. Majani yatakomaa, yatakuwa magumu, na karani wa chai atayakataa. Ayakatae.

Pumzika, Kogo, na huo mkono wako. Ahadi yako sikuitimiza. Ya Mama Joan nitaitimiza, na ya kila atakayekuja nyumbani kwako akiniuliza ulipo.

Jumatatu sichuni chai.

Chebet wako