Sala ya Shukrani kwa Matokeo Ambayo Hukuyapata

Neema mwanangu, mtoto wa kwanza wa tumbo langu,

Simu zangu hupokei. Mama yako mdogo kila nikimpigia kule Haneti ananijibu, "Dada, mzima, anakula, anaenda shamba. Mwache kwanza." Nimekuacha, huu mwezi wa nne. Leo naandika, na naiweka barua hadharani wasome wote, maana hata uongo niliokusemea niliusema hadharani.

Unakumbuka kidato cha kwanza? Mwalimu wa Kiingereza aliwapa aina nane za maneno, akasema atakayezishika zote atafika mbali. Ukarudi nazo hapa Ipagala, ukanikuta uani na gunia la karanga za mbegu. Tukakaa mkekani tunamenya, daftari katikati. Mimi na elimu yangu hii ya darasa la saba nikasema ngoja na mimi nijue.

"Karanga?" nikakuuliza.

"Noun."

"Kumenya?"

"Verb, mama."

"Na hili 'Yesu wangu!' ninalosema nikivunja kikombe?"

Ulicheka mpaka karanga zikamwagika. "Interjection. Hizo mama unazo za kugawia mtaa mzima."

Gunia lilipoisha nilikuwa nazo zote nane kichwani, na mpaka leo ninazo. Wanawake wangapi wa la saba hapa mtaani wanajua preposition? Nitajie mmoja. Na aliyenifundisha ni wewe, hakuna mwingine.

Basi hapo ndipo nilipoharibu. Akija mgeni, kabla hajapoza chai, "Neema, njoo umtajie mjomba zile nane." Sokoni kwenye meza yangu ya mboga ya mlenda mkavu wakaniita Mama Kiingereza, nami nikaitika. Kwenye kipaimara cha mtoto wa Mama Jeni, jirani yetu, nilimnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti nikakupa wewe. Ulizitaja bila kupumua. Vigelegele vikapigwa, nikalia mbele za watu kwa raha.

Ukiwa kidato cha tatu uliniambia, tunafua: "Mama, mimi nayajua majina yake tu. Mwalimu akisema nieleze kwa Kiingereza nilichofanya jana, mdomo unagoma."

Nikakujibu, "Acha kujishusha. Mtoto wangu mimi hashindwi."

Ulinitazama, ukaendelea kusuuza. Nilikuwa nasikia nane zangu zinatajwa vizuri, nikadhani hicho ndicho Kiingereza. Wewe ulikuwa unaniomba msaada.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka ulinionyesha kwenye simu. Ziro. Hukulia. Ulisema, "Mama, naomba tusimwambie mtu." Na Jumamosi ile jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inakuja kusali nyumbani. Wa kwanza kuingia aliponiuliza habari zako, maneno yakaniponyoka: kafaulu, anaenda kidato cha tano. Sala ikageuka ya shukrani. Wakakukalisha kiti cha katikati, wakakuwekea mikono kichwani. Nami, Mungu anisamehe, sikutosheka. Nikasema, "Neema, hebu watajie zile nane kabla hujatuacha."

Ulifika ya tano ukanyamaza. Ukaniangalia mimi, si wao.

Asubuhi kitanda chako kilikuwa kimetandikwa, wewe hupo.

Wiki iliyopita nilisimama kwenye jumuiya nikasema ukweli wote. Nilijua watanizomea. Hakuna aliyeshtuka. Mama Jeni akaniambia taratibu, "Mama Neema, matokeo si yamewekwa mtandaoni, kila mwenye simu anayaona? Tulijua kabla hatujaja. Tulikuja kumwombea mtoto, tulimwona anavyoteseka."

Wote, mwanangu. Kila aliyekuwekea mkono kichwani alikuwa anajua. Chumba kizima kilikuwa kinakuonea huruma, isipokuwa mama yako.

Tangu hapo mtu akiniuliza habari zako nasema mzima, basi. Unanijua, kuishia hapo kunaniuma kama jipu. Juzi mama yako mdogo kanidokeza kwamba alizeti yako imechanua kuliko za wenzako wote. Nilishafungua mdomo pale mezani sokoni. Nikaufunga. Nikapanga mafungu ya mlenda upya, yalikuwa yameshapangwa.

Sikuombi urudi shule. Kama utataka siku moja, utasema mwenyewe, na safari hii nitasikia. Ninachotaka ni kukuona uso.

Jumamosi nakuja Haneti. Peke yangu, siji kukuchukua. Nitakaa nje kwa mama yako mdogo mpaka jua lipungue. Ukitoka, hata shikamoo usinipe kama haitoki moyoni, kaa tu. Usipotoka sitagonga. Nitajua uko nyuma ya mlango, mzima, unapumua, na nitarudi Ipagala na hilo.

Ni mimi niliyekuzaa nikakukosea,
Mama yako.