Sanduku Lililoipa Barabara Mgongo

Hyattsville, Maryland
Jumapili, baada ya ibada

Ndugu yangu Muthama,

Nakusalimu wewe na wote walio chini ya paa la Mama, ingawa najua kwamba nyumba hiyo sasa ina kimya ambacho hamjakizoea. Je, usingizi umekurudia? Mguu uliovimba siku ya mazishi umepona? Mimi ni mzima wa mwili. Binti yangu Ndinda naye ni mzima, ila kazi ya uuguzi inamchosha. Watoto wake wanakua. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza.

Nimeandika kwa sababu jambo hili silitaki kwenye simu, ambapo kila aliye karibu nawe husikiliza. Uliwaambia waombolezaji, na mchungaji akatangaza, kwamba serikali ya huku ilininyima ruhusa ya kusafiri. Ulisema hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyokuambia. Si kweli. Soma hadi mwisho kabla hujakasirika.

Mtaani kwetu kila nyumba ina sanduku la barua, la bati, lililofungwa juu ya nguzo ya mbao kando ya barabara. Miezi mitatu iliyopita lori la taka lilirudi nyuma likaivunja nguzo yetu, ambayo tayari ilikuwa imeoza chini.

"Baba, acha nimtafute fundi," Ndinda alisema.

"Fundi wa nguzo moja? Nimesimika uzio wa shamba zima kabla hujazaliwa."

Nilifanya kazi safi. Nilichimbua kisiki, nikasimika nguzo mpya, nikaipima kwa timazi, nikashindilia kokoto na kumimina saruji. Siku ya tatu nilifunga sanduku juu yake kwa skrubu nne. Unakumbuka jinsi Baba alivyouelekeza mlango wa ghala kwenye jiko la Mama, ili Mama amwone kila anayeufungua? Nami niliuelekeza mlango wa sanduku kwenye dirisha la jiko letu. Niliona aibu kuacha vitu vya nyumba wazi mbele ya wapita njia.

"Baba, ya majirani yanatazama barabarani."

"Majirani hawakulelewa na mama yangu."

Alirudi ndani, kwani nilimlea asibishane na mzee.

Mtu wa posta huku hashuki garini. Hunyoosha mkono dirishani, akatia barua, akaenda zake. Siku ya kwanza alipiga honi, akazungusha kidole hewani. Nilidhani anaisifu nguzo. Nikampungia mkono. Kesho yake alifanya vilevile, nami nikampungia tena. Baadaye akawa anapita tu.

Ndinda hulipa kila kitu kwa simu, kwa hiyo hakuwa na barua ya kuulizia. Mimi ndiye niliyekuwa nikingoja karatasi ya ruhusa ya kusafiri, nije kumwona Mama katika ugonjwa wake. Nikitoka bila karatasi hiyo, sitaruhusiwa kurudi, na watoto hawa hawana mwingine wa kukaa nao mama yao awapo kazini. Kila jioni nilifungua sanduku tupu, kisha nikakupigia simu na kuilaumu serikali.

Jirani yetu Bi Loretta, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukipenda kuliko wajukuu wangu wanavyokipenda, alikuwa amekwenda kukaa kwa mwanawe. Aliporudi alisimama kando ya nguzo akacheka.

"Mwalimu, sanduku lako limenuna?"

"Limenuna vipi?"

"Limeipa barabara mgongo! Mtu wa posta atatia barua wapi, kisogoni?"

Aliponitazama usoni aliacha kucheka. "Mzee wangu, ulikuwa unangoja nini?"

Alinipeleka posta kwa gari lake saa ileile. Walituambia kwamba barua zetu ziliwekwa kwa muda, kisha zikarudishwa kwa waliozituma. Kesho yake ulinipigia simu kuniambia kwamba Mama ametutoka.

Karatasi ilitumwa tena. Ilifika Alhamisi, Mama alikuwa amezikwa Jumamosi iliyotangulia. Imo mezani hapa ninapoandika. Kuligeuza sanduku kulichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Uliniambia kwamba siku ya mwisho Mama aliuliza, "Amefika wapi?" nawe ukamjibu kwamba nimezuiwa. Basi alikufa akiamini kwamba yuko mtu mkatili aliyenishikilia. Mtu huyo hakuwapo.

Ndugu watakapokutana kusimika msalaba, wasomee barua hii. Usipunguze neno. Baadhi yao nimewafundisha darasani, na niliwaadhibu kwa makosa madogo kuliko hili.

Umeniuliza msalaba utazame wapi, kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba na neno hilo ni langu. Usiningoje mimi. Waulize wanaopita hapo kila siku ni wapi wanaweza kulisoma jina lake bila kutoka njiani, kisha uuelekeze huko.

Nisalimie mkeo Mwikali, aliyemlisha Mama kwa kijiko hadi mwisho. Nisalimie shangazi yetu, aliyetupa udongo wa kwanza. Mwambie kwamba mkono ule ulipaswa kuwa wangu, na kwamba namshukuru. Nisalimie mchungaji aliyemzika, na umwombe radhi kwa uongo niliomfanya autangaze.

Ni mimi kaka yako,
Mutiso, ambaye hakuzuiwa na mtu.