Historia Iko Kichwani

Ikolo, Kyela
9 Machi 2025

Mdogo wangu Hezroni,

Ugonile. Huku sote wazima, na ninaandika hivyo kwa hasira. Watoto wazima, mpunga mzima, kokoa inachacha kwenye masanduku kama inavyotakiwa. Asiye mzima ni wewe, na ndiye pekee anayebisha.

Nakuandikia kwa sababu simu unakata. Karatasi haikatiki. Unaweza kuichana, lakini mpaka uichane utakuwa umeshaona mstari wa kwanza.

Jana nilikwenda Kyela mjini dukani kwa Raudha, tukaangalia mechi yenu na Wamalawi kwenye simu yake. Yule mwenye shingo kama kinu alikupiga goti kichwani. Ukalala. Ukaamka. Ukapewa mpira, ukatimua mbio kuelekea goli lenu wenyewe. Duka zima likaangua kicheko. Raudha, ambaye anajua bei za khanga tu na hajui kingine, akaniuliza, "Shoga, mdogo wako anakwenda wapi, nyumbani?"

Mimi sikucheka. Novemba tumemzika baba. Wewe ulishika jeneza upande wa kichwa, nami nilikuwa nyuma yako nikiomba usijikwae. Sina nafasi ya msiba mwingine mwaka huu. Acha huo mchezo, rudi.

Dada yako,
Tusajigwe


Kambini, Dar es Salaam
21 Machi 2025

Shikamoo dada Tusa,

Mimi mzima wa chuma. Mchele umefika, konda alikuwa ameuonja. Barua yako niliikuta ndani ya sandarusi, inanuka kokoa na ugomvi.

Unasema niache mchezo. Unajua unaniambia niache nini? Wewe unaona wanaume kumi na wanne wanagombania yai. Haya, nikufundishe. Timu hii ya taifa ya raga ya watu saba ilianza na watu tisa na mpira mmoja uliokuwa unatoa upepo. Mashindano ya kwanza tulifungwa hamsini na tano bila. Ya pili, arobaini. Ya tatu, kule Kampala, kipenga kinakaribia, nikazama na mpira nikaulaza nyuma ya mstari wao. Hiyo ndiyo inaitwa trai, na ilikuwa ya kwanza yetu. Mechi tulifungwa, lakini tulilia kama watu waliooa siku moja. Mwaka juzi tukachukua bakuli, lile kombe la wanaoshindwa vizuri.

Haya hayajaandikwa popote. Kati ya wale tisa, mmoja ni mchungaji, mmoja ana bajaji, wengine wamenenepa. Nimebaki mimi. Vijana wakitaka kujua tulikotoka wanakuja kukaa kitandani kwangu. Historia ya timu iko kichwani mwangu, dada. Julai kuna mashindano Nairobi. Nikicheza, nitakuwa nimecheza yote. Yote!

Na lile goti lisikusumbue, daktari alinipima. Aliniuliza tunacheza na nani, nani anaongoza, ngapi kwa ngapi. Asifiwe, nahodha wetu, akasimama nyuma yake akinionyesha kwa vidole. Nikafaulu! Shuleni ningekuwa na Asifiwe nisingeishia darasa la saba.

Mdogo wako mpendwa,
Hezroni


Ikolo
4 Aprili 2025

Hezroni,

Ndaga kwa salamu. Historia yako nimewasomea wanaonisaidia kupasua kokoa, wamecheka mpaka kazi ikasimama, na hasara ni yangu.

Sasa sikiliza. Kokoa ina ganda nene kuliko mfupa wako, na ganda lile lina kazi moja tu, kulinda kilichomo. Gongo mara mbili, limefunguka. Wewe unaniambia umebeba timu nzima humo ndani, kisha unakwenda kuliweka chini ya goti la Mmalawi. Mwenye kitu kimoja kisicho na nakala hakichezei mpira!

Nimemuuliza Jubilate, mganga wa zahanati. Anasema ubongo ukitikiswa unapumzishwa, na ukitikiswa tena kabla haujapona unaweza usirudi. Nikamwambia mdogo wangu neno "pumzika" halijui, labda amwandikie kwa Kinyakyusa.

Mnamdanganya daktari na mnacheka. Huyo Asifiwe mwambie vidole vyake navitaka. Nitavichemsha na ndizi.

Dada yako,
Tusajigwe


Kambini, Dar es Salaam
28 Aprili 2025

Shikamoo dada Tusa,

Mimi mzima. Mchele umefika, konda alikuwa ameuonja.

Sijui kama niliwahi kukusimulia tulivyoanza. Tulikuwa watu tisa na mpira mmoja uliokuwa unatoa upepo! Tukafungwa hamsini na tano bila. Kisha kule Nairobi, kipenga kinakaribia, nikazama na mpira nikaulaza nyuma ya mstari. Tulilia kama watu waliooa siku moja.

Nina kisa kingine utacheka. Daktari alikuwa ananipima, na Asifiwe akasimama nyuma yake, ananionyesha matokeo kwa vidole. Fikiria!

Jua la huku kali siku hizi, nafunga pazia mchana. Msalimie baba. Mwambie asihangaike na mfereji wa shamba la chini, mguu wake usije ukavimba tena. Nikija baada ya Nairobi nitauzibua mwenyewe.

Mdogo wako mpendwa,
Hezroni


Ikolo
6 Mei 2025

Hezroni,

Sina salamu.

Mwezi uliopita sikutuma mchele. Hadithi ile ulishanisimulia, na ilikuwa Kampala. Baba yuko nyuma ya migomba, tulimlaza wewe na mimi.

Barua yako narudisha humu ndani. Mpe daktari aisome leo. La sivyo nitakuja mimi.

Tusajigwe


Kambini, Dar es Salaam
15 Mei 2025

Dada,

Umeanza. Salamu ni salamu! Miaka kumi naandika "msalimie baba", mkono umekwenda wenyewe. Wewe hujawahi kuandika "sote wazima" na huku unatetemeka kwa malaria? Kila barua ya nchi hii ina uongo kwenye mistari mitatu ya kwanza, na hatujaita daktari.

Na hadithi tamu husimuliwa mara mbili. Ingekuwa mbaya ungelalamika mara ya kwanza.

Wewe hukutaka nicheze tangu zamani. Sasa umepata kisingizio na umekivalisha nguo. Nimebakiza mashindano ya Nairobi tu. Ukikanyaga kambini nitawaambia sikufahamu.

Hezroni


Temeke, Dar es Salaam
22 Septemba 2025

Kwako Tusajigwe,

Sikuiti dada. Tangu Juni nimekaa kimya nakusanya maneno, sasa yametosha.

Ulikuja kambini na kitenge cha msiba na mkungu wa ndizi kichwani. Mlinzi ukamwambia wewe ni mama yangu. Ukaingia katikati ya mazoezi, kocha yupo, daktari yupo, vijana ninaowafundisha kuanguka wapo. Nikasema, "Sikufahamu." Ukasema, "Hilo tumeshaliandikiana. Baba yuko wapi?" Kwa sauti ya kuuzia samaki! Kisha ukamgeukia Asifiwe: "Na wewe, vidole mfukoni!"

Nikajibu yuko shamba la chini.

Nilijibu haraka, kama mtu anayejua. Nikaona Asifiwe amejifunika uso kwa jezi. Nikakuangalia wewe ili ucheke, hukucheka. Ukaniambia. Mimi baba yangu amekufa mara mbili, Tusajigwe. Mara ya kwanza nilikuwa nyumbani kati ya ndugu. Mara ya pili nilikuwa na viatu vya njumu, mbele ya watu ishirini, na aliyeniletea habari alikuwa ameshika ndizi.

Daktari aliniondoa siku ile ile. Walikwenda Nairobi bila mimi wakashika nafasi ya tatu, haijapata kutokea. Tangu tulipokuwa tisa hatujawahi hata kunusa nusu fainali. Nimeiona picha. Wamevaa medali, wamekumbatiana, na pale ninaposimama mimi siku zote amesimama mtoto wa Iringa mwenye masikio makubwa. Trai ya Kampala niliilaza mimi, ili yeye apigwe picha Nairobi.

Na usidhani nimesahau mengine. Chungu cha bibi ulivunja wewe, fimbo nikala mimi. Baiskeli yangu uliiuza Matema ukasema imeibwa, na mwizi ukamtaja kwa jina. Viatu vyangu vya kwanza vya mpira ulivichoma jikoni kuni zilipokuwa mbichi. Siku ya ndoa yako niliomba kusema neno, ukamnong'oneza mshehereshaji kwamba nimelewa. Nilikuwa nimekunywa soda. Ya chungwa.

Usiniandikie.

Hezroni


Ikolo
3 Oktoba 2025

Mdogo wangu Hezroni,

Ugonile. Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nililia. Hizo tatu nilikuwa nakagua.

Chungu, kweli. Baiskeli, kweli, na mwizi niliyemtaja alikuja kunidai fidia. Viatu, kweli, na maharage hayakuiva. Kuhusu soda nilikuwa nimesahau kabisa, hata rangi yake. Nikaenda mjini nikamsomea Raudha barua nzima, pale pale kwenye kaunta waliponichekea. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Mashallah, tusi hata moja hajalirudia." Tulikaa tumeshikana mikono kama mazuzu, wateja wakasubiri.

Sikuombi radhi. Niliyoyafanya pale uwanjani ningeyafanya tena kesho, na mkungu mkubwa zaidi. Unafikiri nilipenda? Nilipanda basi nikiomba unijibu, "Dada una wazimu, baba tulimzika." Nilikuwa nimejiandaa kuaibika mimi. Safari nzima nilikuwa nafurahia aibu yangu! Ukasema shamba la chini. Nami pia nilizika mara mbili, Hezroni, ila mimi sikuwa na daktari wa kunishika mkono.

Na nina hasira bado. Nina hasira na Asifiwe, pamoja na machozi yake. Nina hasira na lile duka lililocheka. Na kwa ile picha ya Nairobi nina hasira kuliko wewe, maana mimi nayajua masikio yanayotakiwa kuwa pale. Lakini wewe uko Temeke, unajua leo ni siku gani, na unanitukana kwa mpangilio.

Kwa hiyo endelea. Nichukie. Ila nichukie vizuri, kila mwezi, kwa majina na sababu, na uniandikie. Siku utakayoniletea salamu tamu zisizo na kinyongo hata kidogo, siku hiyo ndipo nitakapopanda basi.

Dada yako, upende usipende,
Tusajigwe